SOMO LA MUZIKI: Njia mbili ndani ya wimbo mmoja



Katika korali kuna neno moja linalorudi kila mwaka. Wengine wanasema: tuimbe kwa sauti nne sawasawa na kitabu, tusiingize ngoma, ngoma inaharibu. Wengine wanajibu: hapana, tuache noti za Wazungu, tuimbe kama nyumbani. Na wa tatu, nao ndio wengi, wanasema: tuchanganye tu. Wanapiga ngoma juu ya wimbo wa Ulaya, wanatia vigelegele katikati, imekwisha.

Somo hili ni juu ya hao wa tatu. Sisemi wamekosea. Lakini kuchanganya muziki wa namna mbili si kama kutia sukari ndani ya chai. Kuna watu waliotumia maisha yao kwa kazi ile, huko Kamina, Kampala, Ghana, hata China, na kila mmoja alikuta pahali fulani mlango umefungwa. Tuiangalie milango ile mmoja mmoja, maana ni ile ile inayotufungia sisi hapa Nizi.

LUGHA INAYOIMBA YENYEWE

Tuanze na Lingala, kwa kuwa karibu wote munaisikia kila siku. Semeni moto, maana yake mtu. Sasa semeni motó, maana yake kichwa. Herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba katika neno la pili sauti inapanda mwishoni. Vilevile kokoma ni kuandika, lakini kokóma, sauti ikipanda katikati, ni kufika. Anayesema vibaya anaweza kusema kwamba baba yake ameandika, kumbe alitaka kusema amefika.

Kilendu iko namna hiyo. Kialur iko namna hiyo. Lugha nyingi za Kongo ziko namna hiyo: sauti ya juu na ya chini inabeba maana, siyo pambo. Kiswahili ndicho kiliacha jambo hili zamani. Sisi tunakaza tu silabi ya pili kutoka mwisho, na tukipandisha ao kushusha sauti, neno linabaki lile lile.

Sasa fikirini. Mzungu analeta wimbo wake, na tuni yake imekwisha kutungwa kwa maneno ya Kiingereza ao Kijerumani. Mtu mmoja anatafsiri maneno, anahesabu silabi, zinatosha, anafurahi. Lakini tuni inapanda pahali ambapo neno linataka kushuka. Katika ubeti wa kwanza "mtu" anageuka "kichwa". Na hata kama mtafsiri ana akili nyingi na ubeti wa kwanza umekaa vizuri, ubeti wa pili una maneno mengine chini ya tuni ile ile! Atafanya nini? Ndiyo sababu wazee wengine huimba nyimbo za kitabu kwa moyo wote, na ukiwauliza mstari fulani una maana gani wanacheka kidogo.

Kuna jambo la pili, na hili wanakorali hawalifikiri. Katika sauti nne za Ulaya, ni sifa nzuri basi ikishuka wakati soprano inapanda. Walimu wa armoni wanapenda hivyo. Lakini katika lugha yenye tone, soprano atakuwa anasema "kichwa" na basi anasema "mtu" katika dakika ile ile. Angalieni wazee wetu wanavyoimba wawili watatu pamoja: mara nyingi sauti zao zinatembea sambamba. Wa kwanza akipanda, wa pili anapanda naye, akishuka wanashuka wote. Mwalimu aliyesoma Ulaya anaweza kusema ni kwa sababu hawajui armoni. Mimi naona wanatunza maneno yao yasivunjike.

Kama munataka ushahidi kwamba tone ni kitu cha kweli, mukumbuke ngoma ya lokole. Mmisionari Mbatisti John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza kuipiga kwa Walokele, na mwaka 1949 alitoa kitabu kizima juu yake. Lokole ni gogo lililochimbwa, nalo lina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Mpigaji hapigi herufi, anapiga tone za maneno. Kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yote mawili ni juu-juu, ngoma haiwezi kuyatenga. Basi mpigaji anaongeza: mwezi unaotazama chini duniani, kuku mdogo anayelia kiokio. Msikilizaji aliye mbali kilometa nyingi anatambua. Hakuna konsonanti, hakuna vokali, na habari inafika.

Wachina wana lugha ya namna hii pia. Katika Kichina cha Beijing kuna tone nne, na silabi ma inaweza kuwa mama, katani, farasi ao kutukana, kufuatana na mwendo wa sauti. Watungaji wao walioleta maneno ya Kichina ndani ya muziki wa Ulaya walikuta mlango ule ule uliofungwa. Kumbe sisi na wao ni ndugu katika tabu hiyo.

MWALIMU WA GHANA

Mtu mmoja aliyefungua mlango huo kwa nguvu ni Ephraim Amu wa Ghana, aliyezaliwa 1899. Alikuwa mwalimu katika chuo cha Wapresbiteri huko Akropong. Alijifunza kuandika noti kama Wazungu, kisha akafanya kitu kilichoonekana kidogo: alitunga nyimbo za korali kwa Kitwi na Kiewe, na tuni akaiacha ifuate kupanda na kushuka kwa maneno yenyewe. Hakuanza na tuni akatafuta maneno. Alianza na maneno akayasikiliza. Armoni ilikuwa ya sauti nne, mapigo yalikuwa ya kwao.

Watu waliipenda? Wengi, ndiyo. Lakini mwaka 1931 alihubiri akiwa amevaa nguo ya kienyeji badala ya suti, na pamoja na maneno mengine juu ya ngoma na desturi, 1933 alitolewa katika chuo kile. Hakukataa imani wala hakuacha kutunga. Alienda kufundisha Achimota, akasoma London tangu 1937, akarudi. Wimbo wake "Yen Ara Asaase Ni" unaimbwa Ghana hata leo, na watoto wadogo wanaujua.

Nawaambia habari hii kwa sababu wengine munafikiri mambo ya ngoma na korali ni mabishano ya hapa tu. Yaligharimu mtu kazi yake.

KAMINA, 1958

Sasa tuje kwetu Kongo. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina, Katanga. Mwaka uliofuata alianzisha korali ya watoto wapata 45 wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wa shule kama 15. Jina lao lilikuwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, Kamina, waliimba misa nzima ya Kilatini kwa namna ya Kiluba. Mwaka ule ule wakasafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, na sahani ikarekodiwa na kampuni ya Philips. Ndiyo Missa Luba. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeimba sauti ya peke yake mbele ya korali.

Sisi Waprotestanti hatuimbi misa, lakini masikio ni masikio. Sikilizeni kilichofanyika pale. Hakuna kinanda, hakuna violoni. Kuna sauti za watu, ngoma, na vyombo vingine vya kupigwa. Maneno ni ya Kilatini, yale yale yaliyoimbwa Roma. Tuni zimetoka mbali zaidi ya Roma: sehemu za kwanza zinafuata kasala, yaani namna ya Waluba ya kusifu na kuomboleza, Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana, Hosana ina mapigo ya dansi ya Kasai, Agnus Dei inafuata wimbo wa Bena Lulua wa upande wa Kananga. Na hawakuziandika kwanza. Walizijaribu katika mazoezi, mmoja anatupa mstari, wengine wanaujibu, kile kilichopendeza kinabaki.

Hapa kuna ujanja ambao pengine wenyewe hawakuupanga. Kilatini hakina tone. Unaweza kukibeba juu ya tuni ya Kiluba, ukakipandisha na kukishusha unavyotaka, maneno hayavunjiki. Kinyume cha tabu yetu! Sisi tunatia lugha yenye tone ndani ya tuni isiyoijua. Kamina walitia lugha isiyo na tone ndani ya tuni iliyozaliwa na tone. Ndiyo sababu, nafikiri mimi, Missa Luba inatembea bila kuchechemea, lakini nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zinachechemea.

Dunia iliisikia kwa njia za ajabu. Mwaka 1968 Sanctus yake iliingia katika filamu ya Kiingereza ya Lindsay Anderson iitwayo If...., na vijana wa Uingereza wasiojua Kamina iko wapi wakanunua sahani. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Nairobi, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi upya. Fikirini kidogo: Wakenya wanaimba Kilatini kwa namna ya Waluba.

Lakini hapa pana swali, nami sitalificha. Ni nani aliyetunga Missa Luba? Katika miaka ya 1960 noti zake zilichapishwa, na mara nyingi jina linaloonekana juu ni la Haazen. Haazen aliita watu, alichagua, alipanga, alisimamisha. Ni kazi kubwa, tusiidharau. Lakini wale watoto na walimu waliotoa tuni, na wazee waliowafundisha zile kasala kwa miaka, majina yao yako wapi? Na tena, kitu kilichokuwa kinabadilika kila mara wanapoimba, kilipochapishwa kikasimama. Leo korali ya Marekani inaimba kila noti kama ilivyo ndani ya karatasi, hata zile ambazo Kamina walizipata kwa bahati siku ya kurekodi.

Muganda Joseph Kyagambiddwa alipita njia nyingine. Yeye mwenyewe alitunga, yeye mwenyewe akaandika, na jina ni lake. Oratorio yake juu ya mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma mwaka 1964, wakati mashahidi wale walipotangazwa watakatifu. Nayo ilifuata lugha ya Kiganda na muziki wa Baganda, ambao alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu yake mwaka 1955.

Na mfano mfupi kutoka Kenya: wimbo wa taifa lao wa 1963 ulitungwa na kamati ya watu watano juu ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa mto Tana. Wimbo wa mama na mtoto ulivikwa armoni, ukasimama mbele ya bendera. Si kila mchanganyiko unahitaji orkestra.

NGAZI ZISIZOLINGANA

Tumesema juu ya maneno. Sasa tuache maneno, tuje kwenye sauti tupu, maana hapa ndipo watu wa "tuchanganye tu" wanapoanguka.

Piano, na ile piano ya umeme tunayoikuta katika makanisa mengi, inagawa oktava moja kuwa hatua ndogo 12 zilizo sawa. Gitaa pia, vile vyuma vya shingoni ndivyo vinavyokata. Amadinda, marimba ya Baganda yenye mbao 12, iko na ngazi nyingine: oktava inagawanywa sehemu 5 karibu sawa. Fanyeni hesabu. Hatua moja ya amadinda ni kama hatua mbili na nusu za piano, kidogo pungufu. Nusu hiyo ukiitafuta kwenye piano utaipata wapi? Haiko. Iko kati ya vidole.

Ndiyo maana ukipiga likembe ya mzee pamoja na piano, mmoja anaonekana mgonjwa. Mara zote tunasema mgonjwa ni likembe. Kwa nini?

Wachina, katika jambo hili, walipata bahati kuliko sisi. Ngazi yao ya sauti tano inakaa karibu sana na do, re, mi, so, la. Pigeni vile vipande vyeusi vya piano peke yake, mutaisikia. Lakini hata wao, sauti zao haziendi kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi. Zinateleza, zinatetemeka, kama mtu anayelia. Piano haiwezi kuteleza. Violoni inaweza, kwa kuwa shingo yake haina chuma, kidole kinatembea kinavyotaka.

Hapo ndipo wanafunzi wawili wa shule ya muziki ya Shanghai, He Zhanhao na Chen Gang, walipopita. Nasema wanafunzi, musikie vizuri. Mwaka 1959 walitunga konseto ya violoni, yaani kipande kirefu ambamo chombo kimoja kinazungumza na orkestra nzima. Hadithi waliyoichukua kila Mchina anaijua: msichana Zhu Yingtai anavaa kama kijana kusudi aende shule, anasoma pamoja na Liang Shanbo kwa miaka, kijana hajui, msichana anampenda. Wazazi wanamwoza kwa mwingine. Liang anakufa kwa huzuni, kaburi linafunguka, Zhu anaingia, na wote wawili wanatoka wakiwa vipepeo. He Zhanhao alikuwa amefanya kazi na watu wa michezo ya kuimba ya Zhejiang, alijua waimbaji wanavyovuta sauti. Akafundisha violoni kuvuta hivyo hivyo. Siku ya kwanza, Mei 1959, aliyepiga violoni alikuwa Yu Lina, mwanafunzi msichana mwenye umri wa miaka 18 tu. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza 1966 kipande hiki kilikatazwa, kisha kilirudi, na leo ni kati ya vipande vya Kichina vinavyojulikana zaidi duniani.

Angalieni walichofanya. Hawakuchukua orkestra ya Ulaya na kuweka gongo la Kichina pembeni ili watu wajue ni China. Walibadilisha namna ya kupiga violoni yenyewe.

Katika Uganda, Justinian Tamusuza, aliyezaliwa 1951, alifanya kitu cha jamaa hiyo. Kipande chake "Ekitundu Ekisooka" (ni kusema "Sehemu ya kwanza") kimeandikwa kwa violoni mbili, alto moja na selo moja, vyombo vinne vya Wazungu watupu. Watu wa Kronos Quartet wa San Francisco walikirekodi katika sahani ya 1992 yenye watungaji wa Afrika peke yao. Ukisikiliza, unasikia Uganda: mapigo yanafungamana kama ya wapigaji wa amadinda na ngoma, wala hakuna ngoma hata moja.

Kufungamana ni nini? Tufanye juu ya meza ya darasa, hakuna haja ya chombo. Mwanafunzi wa kwanza anaimba polepole: do, la, so, so. Wa pili anatia yake katikati ya kila noti ya mwenzake: mi, re, do, mi. Kila mmoja ana kitu chepesi, hata mtoto anaweza. Sasa mwende pamoja, mbiombio. Sikio linasikia: do-mi-la-re-so-do-so-mi. Tuni hii hakuna mtu aliyeiimba! Imezaliwa kati ya watu wawili. Kwenye amadinda wapigaji wawili wanafanya hivyo, kisha wa tatu, kwa mbao mbili za mwisho tu, anaokota noti fulani na kuzirudia juu. Mzungu mwenye piano alikuwa na mikono miwili na kichwa kimoja. Baganda waligawanya tuni moja kati ya watu.

Na tusifikiri kwamba chombo cha Ulaya ndicho kinachobadilika siku zote. Ndugu zetu Waalur wana adungu, kinubi cha upinde. Katika miaka ya karibuni, upande wa Uganda na upande wetu, wanatengeneza adungu za ukubwa mbalimbali, ndogo kwa sauti ya juu, kubwa sana kwa basi, na wanazifunga kwa do-re-mi kamili. Zinasindikiza korali vizuri sana, mimi mwenyewe nazipenda. Lakini bei ililipwa: ngazi ya zamani ya adungu inasahauliwa. Konseto ya Shanghai ilifundisha violoni Kichina. Sisi tumefundisha adungu Kizungu. Si dhambi. Ila tujue ni nani aliyesogea.

SEKUNDE 56

Nimalizie na watu wa msituni kwetu, maana pengine wanafunzi wengi hawajui jambo hili. Mwaka 1977 Wamarekani walituma mbali angani vyombo viwili vinavyoitwa Voyager. Ndani ya kila kimoja kuna sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye vipande 27 vya muziki wa dunia. Mko Bach na Beethoven. Mko Mchina Guan Pinghu akipiga guqin, dakika 7 na sekunde 37. Na mko wasichana wa Bambuti wa msitu wa Ituri wakiimba wimbo wa sherehe yao ya kukua, sekunde 56, jinsi Mwingereza Colin Turnbull alivyowarekodi. Vyombo hivyo vimekwisha kutoka nje ya upepo wa jua, kimoja 2012, kingine 2018. Hakuna muziki mwingine wa Kongo uliofika mbali hivyo.

Bambuti wanaimba kwa kufungamana pia, na wengi zaidi kuliko wawili. Mmoja anashika noti yake, mwingine yake, zinajibizana haraka mpaka hujui wimbo uko kwa nani. Mtungaji György Ligeti alisikia muziki wa Waaka, jamaa zao wa Afrika ya Kati, na etudi zake za piano alizoanza kutoa 1985 zimejaa fundisho hilo. Kwa hiyo mlango hauelekei upande mmoja tu.

Lakini katika orodha ya sahani ile, Guan Pinghu ana jina. Turnbull ana jina. Wasichana wa Ituri wanaitwa "wasichana". Sioni ubaya wa moyo hapo. Hakuna aliyefikiri kuuliza tu.

Hapa Djugu jambo hili linaniuma zaidi. Tangu vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, watu wengi wamekimbia vijiji vyao. Wazee wanaojua nyimbo za mavuno, za ndoa, za kulia mtu, wengi wanalala makambini mbali na watoto wao. Wimbo hauchomwi pamoja na nyumba, lakini unakufa pamoja na aliyeujua kama hakuna aliyeurithi. Na korali ya shule iko na watoto wa lugha nyingi wanaosimama mstari mmoja. Tukichagua mapigo ya upande mmoja tu, wengine watanyamaza. Tukikimbilia Ulaya kusudi asilalamike mtu, tutakuwa tumepata amani ya bei rahisi. Mimi ningependa tujaribu kazi ngumu zaidi: ubeti mmoja kwa Kilendu na tuni inayofuata Kilendu, mwingine kwa Kialur na tuni inayofuata Kialur, na kiitikio cha Kiswahili ambacho wote wanakiimba kwa sauti nne, kwa kuwa Kiswahili kinavumilia armoni. Pengine itakuwa mbaya mara ya kwanza. Kamina nao walijaribu kabla ya kusafiri.

MAZOEZI

1. Andika sentensi moja ya lugha ya nyumbani kwenu, yenye maneno matano ao sita. Mwombe mtu mzima aiseme polepole. Chora mstari unaopanda na kushuka sawasawa na sauti yake. Kisha tafuta do-re-mi zinazofuata mstari huo. Usianze na tuni!

2. Chukua wimbo mmoja wa kitabu uliotafsiriwa kwa lugha yenye tone. Tafuta pahali pawili ambapo tuni inavunja neno. Neno linageuka nini?

3. Wawili wawili, tungeni mapigo ya kufungamana kwa noti do, re, mi, so, la. Wa tatu aandike tuni anayoisikia, pasipo kutazama karatasi za wenzake.

4. Mwombe mzee mmoja wimbo. Kama kuna simu, urekodi kwa ruhusa yake. Juu ya karatasi andika kwanza jina lake, kijiji chake, lugha, na nani alimfundisha, kisha maneno ya wimbo. Karatasi isiyo na jina la mzee nitairudisha.

Karatasi za zoezi la 1 na la 4 ziletwe kwa kiongozi wa korali mbele ya mazoezi ya Jumamosi. Zoezi la 3 tutalifanya wote pamoja, na walimu pia.